Uvimbe wa utumbo mwembamba: matundu au kupasua tumbo lote? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa kuuguza.

Ngoja kwanza nifupishe ulichoandika ili na wengine wafuate. Mama ana miaka 58. Mwaka mzima na zaidi damu inashuka tu, kapewa vidonge vya kuongeza damu, kapewa dawa za minyoo mara kibao, kaongezewa chupa mbili za damu, siku nyingine anapata choo cheusi kama lami. Wakampitisha kamera ya mdomoni, safi. Ya njia ya haja kubwa, safi. Mwishowe CT scan ndo ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye utumbo mwembamba, sehemu ya juu wanayoiita jejunamu, na ini halina kitu. Daktari wa upasuaji kasema ataweza kuutoa kwa matundu, yaani kamera na vyuma vyembamba vinapita kwenye matundu madogo ya tumbo, mjomba wenu kagoma, anasema matundu yanaacha kansa ndani, bora tumbo lipasuliwe lote waone vizuri. Wewe unataka kujua kama mjomba ana haki, kama mama atawekewa mfuko wa choo, na lini atarudi sokoni kwenye nazi zake. Na umegusia kwamba alijifungua mara mbili kwa operesheni, hilo usilichukulie dogo, ntalirudia.

Kabla ya mjomba niseme kitu kimoja kuhusu huo mwaka mzima. Mama wa miaka 58 hana hedhi tena, sasa damu inaenda wapi? Mwanamke aliyekoma hedhi, au mwanaume wa umri wowote, akikutwa na upungufu wa damu wa madini ya chuma basi tumbo litafutwe, vidonge peke yake havitoshi. Kwetu minyoo safura ipo na inanyonya damu kweli, simlaumu aliyempa dawa ya minyoo mara ya kwanza, ila mara ya tatu ilikuwa imeshapitiliza. Na kamera zote mbili kutoka safi sio ajabu, kwa sababu ya mdomoni inaishia mwanzo wa utumbo mwembamba na ile ya chini ikijitahidi sana inachungulia sentimita chache za mwisho wake, katikati hapo kuna mita kama 6 ambazo hakuna aliyeziona. Kuna kidonge chenye kamera ndani, kilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2001, unameza kinapiga picha njia nzima, ila kwa mama sasa hivi sioni kazi yake maana uvimbe umeshaonekana, na kama utumbo umebanwa mahali kidonge kinaweza kukwama hapohapo mkawa na tatizo la pili.

Haya, mjomba. Msimdharau, maana hofu yake ina historia. Miaka ya 1990 mwanzoni, upasuaji wa matundu ulipoanza kutumika kwenye kansa ya utumbo mpana, zilitoka ripoti za wagonjwa waliootewa na kansa palepale kwenye tundu la ngozi ambako uvimbe ulivutwa kutoka. Madaktari wengi wakaogopa wakarudi kwenye kisu kirefu. Ndo ukafanyika utafiti mkubwa Marekani, ulitoka mwaka 2004, wagonjwa 872 wa kansa ya utumbo mpana waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu matundu nusu kupasuliwa, na baada ya miaka mitatu kansa kurudi na watu kubaki hai ilikuwa sawa pande zote mbili. Tafiti nyingine zikafuata zikasema hivohivo. Kilichobadilika njiani ni namna ya kuutoa uvimbe: siku hizi hauburuzwi ukigusana na nyama ya ukuta wa tumbo, unapita ndani ya mfuko wa plastiki au pete ya plastiki inayofunika kingo zote za jeraha.

Kwa utumbo mwembamba wenyewe utafiti mkubwa wa aina hiyo haupo, na sababu ni rahisi, ugonjwa ni adimu. Utumbo mwembamba ndo sehemu ndefu kuliko zote kwenye njia ya chakula lakini kansa zake hazifiki asilimia 5 ya kansa zote za njia hiyo, sasa wagonjwa mia nane wa kuwagawanya utawatoa wapi. Tulichonacho ni kumbukumbu za hospitali zikilinganisha waliofanyiwa hivi na waliofanyiwa vile, na zinaonyesha kwa uvimbe mdogo ambao haujasambaa matundu hayajawa mabaya zaidi, na mgonjwa anaamka mapema na kidonda chake kinasumbua kidogo. Kwa hiyo ukinibana nikujibu kwa mstari mmoja: kansa haibaki kwa sababu ngozi ilikatwa kidogo, inabaki kwa sababu kule ndani kazi haikufanywa inavyotakiwa, na kule ndani kazi yenyewe inategemea huo uvimbe ni wa aina gani. Hapo ndo nataka tukae kidogo kwa sababu watu wengi wakisikia uvimbe wa utumbo wanadhani ni kitu kimoja.

Uvimbe wa sentimita 3 kwenye jejunamu unaovujisha damu, wa kwanza ninaoufikiria ni ule tunaouita GIST. Huu hauanzii kwenye ngozi laini ya ndani ya utumbo, unaanzia kwenye tabaka la misuli ya ukuta wake, mara nyingi unakua kuelekea nje, ni laini na una mishipa ya damu mingi. Kanuni ya GIST ni moja tu, usiupasue. Ukipasuka tumboni chembe zake zinamwagika kila kona, na hata kama ulikuwa mdogo mgonjwa anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Kwa upande mwingine GIST kwa kawaida haiendi kwenye tezi za limfu, zile punje ndogo za kinga ya mwili, kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba tezi, unakata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na sehemu nzima kidogo kila upande, basi. Ndo maana GIST ndogo ya jejunamu ni kazi inayofaa sana matundu, ila mikononi mwa mtu anayejua kushika utumbo pembeni ya uvimbe na sio kuung'ang'ania uvimbe wenyewe na vyuma.

Wa pili ni kansa ya kawaida ya ngozi ya ndani ya utumbo, adenokasinoma. Hii inapenda zaidi duodenamu, mwanzo kabisa wa utumbo mwembamba, lakini jejunamu pia inakaa. Yenyewe inatembea kwenye tezi za limfu, kwa hiyo utumbo unakatwa pamoja na kipande cha pazia lake la mafuta na mishipa kwa umbo la kipepeo cha kupepea jiko, hadi karibu na mzizi wa mshipa, na daktari wa patholojia, yule wa maabara anayepima kilichokatwa, anatakiwa apate tezi zisizopungua 8 za kuhesabu na kupima. Hii nayo inafanyika kwa matundu, ila ni kazi nzito kuliko ya GIST, na hapa ndo uzoefu wa daktari unaanza kuonekana.

Wa tatu ndo mjanja, uvimbe wa nyuroendokrini, zamani waliuita kasinoidi. Makazi yake zaidi ni ileamu, kule mwisho, lakini nautaja kwa sababu ndo unaompa mjomba nusu ya haki. Unaweza kuwa na ukubwa wa punje ya mbaazi na tayari umeshatuma watoto kwenye tezi, kwa hiyo kwenye huu udogo hauna maana ya mapema. Halafu wagonjwa wengi, theluthi hivi na tafiti nyingine zinasema zaidi, wana vivimbe zaidi ya kimoja kwenye utumbo huohuo, vingine vidogo kiasi kwamba CT scan haivioni na kamera ya tumboni haivioni, vinagunduliwa na vidole tu. Chuma cha matundu hakina hisia ya kidole. Daktari akifanya kila kitu kwa kamera bila kuugusa utumbo kwa mkono anaweza akatoa kimoja akaacha vitatu, na kwenye hali hiyo mjomba angekuwa kasema kweli. Dawa yake sio lazima tumbo lote lifunguliwe, dawa ni kutoa utumbo nje kwa tundu la kitovuni na kuupapasa wote, sehemu kwa sehemu.

Kuna limfoma pia, kansa ya chembe za kinga ya mwili, ambayo tiba yake kubwa ni dawa na upasuaji unakuja pale inapovuja damu au kuziba. Na kuna visivyo kansa kabisa, uvimbe wa mafuta, uvimbe wa mishipa ya damu, na kwetu huku TB ya tumbo inaigiza kansa vizuri sana hadi inakera. Duodenamu naiacha, kule ni dunia nyingine, inashikana na kongosho na njia ya nyongo, vivimbe vya mapema sana vinatolewa kwa kamera ya mdomoni na vingine vinahitaji operesheni kubwa mno. Mama hayuko huko, shukuruni.

Najua utauliza, sasa kwanini hawajachukua kipande kidogo cha uvimbe wakakipima kwanza? Kufika jejunamu kwa kamera mara nyingi kunataka mashine ya baluni mbili, aliyeibuni ni daktari Yamamoto wa Japani na ilijulikana mwaka 2001, hospitali zenye nayo kwetu ni chache. Na hata ukiwa nayo, GIST imejificha chini ya ngozi ya ndani, kibanio kinang'oa juu juu majibu yanatoka "hakuna kitu", au unachokoza damu. Uvimbe ukiwa mmoja, mdogo, unaotoka wote, tunautoa mzima halafu ndo unapimwa. Sio uzembe wa daktari wenu.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda, uwaeleze nyumbani. Mama atapewa nusu kaputi kamili. Hapa ndo zile operesheni mbili za uzazi zinaingia: tumbo lililofunguliwa zamani huwa na mishikamano, utumbo unaweza kuwa umejibandika chini ya kovu, kwa hiyo tundu la kwanza lisichomwe kwa kubahatisha, daktari akate kidogo mbali na kovu au afungue tabaka kwa tabaka akiona kwa macho. Mwambieni kuhusu hizo operesheni hata kama kovu analiona. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili kuta zinyanyuke, kamera inaingia, matundu mengine mawili au matatu ya milimita 5 hadi 12 kwa ajili ya vyuma. Kwanza anaangalia ini, kuta za tumbo, nyonga, kama kuna mbegu zimemwagika mahali. Halafu anatafuta pale utumbo mwembamba unapoanzia, chini ya utumbo mpana upande wa kushoto, anaushika kwa vyuma viwili vya mdomo laini, mkono kwa mkono, kushoto anaachia kulia anapokea, anautembeza wote hadi unapoungana na utumbo mpana, kitanda kinalazwa upande huu kinageuzwa upande ule ili utumbo ujimwage wenyewe. Hii kazi inachosha na ndo ambayo mtu mwenye haraka anairuka.

Akishaupata uvimbe anapanua tundu la kitovuni lifike sentimita 4 au 5, anavalisha ile pete ya plastiki, anavuta nje kile kitanzi cha utumbo chenye uvimbe. Kuanzia hapo kazi inafanyika juu ya tumbo, kwenye taa, kwa macho na mikono, kama mjomba anavyotaka. Anakata, anaunganisha kwa stepla au kwa uzi, anaziba lile pengo la pazia ili utumbo usije ukapenya humo baadaye ukajisokota, anapapasa sehemu nyingine, anarudisha ndani. Nyinyi mulizeni tu huyo daktari kama atautoa utumbo nje na kuupapasa, akikujibu ndiyo bila kubabaika basi umepata jibu la mjomba. Kuhusu stepla, ni bei, na sio kila bima inailipia, ulizeni mapema msije mkashtukizwa siku ya operesheni. Mshono wa mkono wa daktari aliyezoea unashika vizuri tu, usiuze shamba kwa ajili ya stepla.

Kwenye fomu ya ridhaa muandikiwe yote mawili, matundu na kupasua endapo itahitajika. Kugeuza njia katikati ya operesheni ni kawaida, mishikamano ikizidi, damu ikisumbua, uvimbe ukikutwa umeshika mishipa mikubwa ya kwenye mzizi, tumbo linafunguliwa na hakuna aibu. Mimi daktari ninayemuogopa ni yule anayeapa hatofungua kabisa. Na kuna wagonjwa ambao ningesema toka mwanzo wafunguliwe: uvimbe mkubwa laini unaoweza kupasuka ukivutwa, utumbo ulioziba ukatuna hadi hakuna nafasi ya kamera, mtu anayevuja damu presha inaanguka. Mama kwa ulivyoeleza hayumo humo. Ila damu yake ipandishwe kwanza kabla ya siku yenyewe, usikubali aingie chumba cha upasuaji akiwa na macho meupe pee.

Mfuko wa choo: kwa kawaida hapana. Utumbo mwembamba una damu nyingi na unaungana vizuri, hukatwa na kuunganishwa palepale. Mfuko unakuja kwenye mambo ya dharura, utumbo umetoboka, tumbo limejaa usaha, mgonjwa yuko hoi. Na urefu msiogope, kipande cha sentimita 15 au 20 kikitoka kwenye mita 6 mama hatajua tofauti mezani. Angekatwa sehemu ndefu ya mwisho wa ileamu ndo tungeongea habari ya sindano za vitamini B12 maana inafyonzwa kule, jejunamu haina shida hiyo.

Akitoka, siku ya kwanza au ya pili atalalamika bega linauma, mtashangaa kakatwa tumbo anauma bega. Ni ile hewa iliyobaki inachokoza diaframu, ule msuli wa kupumulia ulio juu ya tumbo, inaisha yenyewe, akitembea inaisha upesi. Anyanyuliwe kitandani siku ileile au kesho yake, anywe maji, uji mwepesi, na akijamba mshangilieni. Wengi wanapata ruhusa kati ya siku ya 3 na ya 5. Cha kuogopa ni mshono wa ndani kuvuja, hautokei kwa wengi ila ukitokea ni hatari, na mara nyingi unajionyesha ndani ya wiki ya kwanza ambapo pengine mko nyumbani tayari. Maumivu badala ya kupungua yanapanda, tumbo linajaa na kuwa gumu, homa, moyo unakimbia, anatapika. Hapo hamsubiri asubuhi na hampitii dawa ya maumivu duka la jirani, mnarudi hospitali usiku huohuo.

Halafu patholojia, ambayo familia nyingi zinaisahau kwa furaha kwamba uvimbe umetoka. Mara nyingine ndugu ndo wanakabidhiwa chombo wapeleke maabara wenyewe, basi hakikisheni kipande kimezama kabisa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, ya kutosha, jina limeandikwa kwenye chombo chenyewe na sio kwenye kifuniko, na kinafika, hakilali kwenye buti la gari siku tatu. Majibu yaseme aina ya uvimbe, ukubwa, kingo kama ni safi, tezi ngapi zimepimwa na ngapi zina ugonjwa. Ikiwa ni GIST waseme idadi ya seli zinazogawanyika, kwa sababu hiyo namba ndo inaamua kila kitu: uvimbe wa utumbo mwembamba wa sentimita 2 hadi 5 wenye seli chache zinazogawanyika, hatari ya ugonjwa kuendelea ni asilimia 4 hivi, ukubwa uleule wenye seli nyingi inapita 70. Wa kwanza anafuatiliwa kwa CT scan tu, wa pili anapewa vidonge vya imatinibu, kawaida miaka mitatu. Ikiwa ni ya nyuroendokrini waandike Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika. Ikiwa ni adenokasinoma ya hatua ya kwanza na tezi safi, kwa kawaida hakuna dawa za dripu baada ya hapo. Karatasi hiyo mpigeni picha mkae nayo kwenye simu, faili za hospitali zinapotea.

Na nazi. Kukaa sokoni kuuza, akijisikia, wiki ya pili au ya tatu anaweza. Kunyanyua ndio tatizo, kwa sababu lile tundu la kitovuni la sentimita 5 ni mahali ngiri inapopenda kutokea, na ndani ya tundu dogo kuna mshono uleule unaohitaji muda wake kama wa kisu kirefu. Wiki 6 asibebe kapu, asifue nazi, asivute ndoo kisimani, hata akisema haumwi. Akae kwenye kigoda apokee hela, wa kushusha magunia awe huyo mjomba.